UZI: Kijana wa Lamu, paswadi yako ya iTax iko mkononi mwa nani?

BintiWaLangoni

Assalamu alaikum wana Lamu, na salamu kwa ndugu zetu wa Malindi, Watamu na Mambrui mnaopita hapa.

Jambo hili nimekaa nalo muda na leo nalitoa. Wakubwa wakituzungumza sisi vijana na kodi za mtandaoni husema moja kati ya mawili: ama hatujui, ama hatutaki. Mimi naishi na vijana hawa, kaka zangu wamo, na naona kuna la tatu ambalo halisemwi. Wengi wetu tunaiogopa iTax, ule mfumo wa mtandaoni wa KRA, mamlaka ya kodi, kwa kuwa hatujawahi kuingia wenyewe. Tuliingizwa na mtu.

Nianze na yangu. Mwaka 2019 nilikuwa na miaka 18, kitambulisho kipya, nataka kuomba mkopo wa masomo wa HELB. Nikaambiwa lazima niwe na PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi. Nikaenda saiba, duka la kompyuta na intaneti, na shilingi 200. Kijana wa pale akachukua kitambulisho, akaniuliza jina la mama na la baba, vidole vinakwenda mbio. Akafika mahali akasita: "Una imeli?" Nikasema sina. Akaandika yake. Dakika kumi nikatoka na karatasi yenye PIN yangu, herufi A mbele, tarakimu tisa, herufi moja nyuma. Nikaikunja, nikaiweka kabatini chini ya khanga za mama. Kwangu mambo yakawa yamekwisha.

Hakuna aliyenambia kwamba tangu siku ile natakiwa kufaili ritani, yaani taarifa ya mapato yangu, kila mwaka kabla ya Juni 30, hata kama sina shilingi. Na kama kulikuwa na ukumbusho wowote ulioletwa kwa imeli, ulikwenda kwa yule kijana wa saiba. Mimi nitajuaje?

Oktoba 2022 mimi na mabinti wawili wa ami yangu tulisajili kikundi cha ushonaji. Tulitaka kuingia kwenye zile zabuni za serikali za AGPO, asilimia 30 waliyotengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Mashuka na mapazia tunashona vizuri, bei tumepiga, sampuli tumefunga kwenye karatasi ya kaki. Kilichobaki ni cheti cha kuonyesha kwamba hatudaiwi kodi. Wenzangu walipata. Mimi nikakuta ritani za 2019, 2020 na 2021 hazijafailiwa, na kila moja ina faini ya 2,000. Elfu sita, kwa mtu ambaye miaka yote mitatu alikuwa mwanafunzi. Nataka kuingia nirekebishe, paswadi mpya inatumwa kwenye imeli ya mtu ambaye saiba yake ilishafungwa na mwenyewe amehama. Siku ya mwisho ya zabuni ikapita.

Nililia, sifichi. Sikulilia zile elfu sita. Nililia kwa kuwa kitu chenye jina langu, jina la mama yangu na nambari ya kitambulisho changu kilikuwa kwa mtu nisiyejua hata anaishi wapi.

Baadaye nilikwenda na kitambulisho asilia, nikabadilishiwa imeli, nikafaili ritani zote za nyuma. Zile faini zikaja kufutwa na msamaha wa Sheria ya Fedha ya 2023, uliohusu madeni ya mpaka Desemba 2022, maana sikuwa na kodi yenyewe ninayodaiwa. Alhamdulillahi. Lakini zabuni ilikwenda na kikundi kikavunjika.

Tangu hapo kila mwezi wa sita nakaa barazani kwetu na kipakatalishi, anayetaka naye anakaa. Silipishi. Na swali la kwanza namuuliza kila mtu ndilo hilo la kichwa cha uzi: paswadi yako anayo nani? "Anayo wa saiba." "Anayo kaka, yuko Mombasa." "Ilikuwa kwenye simu iliyotumbukia baharini." Mmoja aliniambia hakujua kama kuna paswadi.

Nataka kusikia na nyinyi.

Nahodha_Shela

Wa alaikum salaam dada. Umenigusa, na yangu anayo wa saiba.

Lakini niseme ukweli wangu. Mimi nina mashua, nachukua wageni machweo na kuwapeleka Manda Toto kuogelea. Nalipa ada ya kaunti, nalipa leseni ya chombo, nalipa gati. Kila nikiguswa natoa. Mtu akija na neno KRA namuona ni wa nne katika foleni ya wale wale. Na wageni wenyewe ni msimu: upepo wa kaskazi ukivuma napata, kusi likishika mashua iko juu ya mchanga. Huo mfumo wa kompyuta unajua kusi?

Wenzangu wanasema faili sifuri, maliza. Kila mwaka yule wa saiba ananifailia sifuri kwa 100. Kuna ubaya?

BintiWaLangoni

Kaka Nahodha, hapa nikae kidogo kwa sababu ni swali la nusu ya mji.

Ada ya kaunti na kodi ya KRA ni njia mbili mbali. Kaunti kwa Katiba inatoza viwango vya ardhi, kodi ya burudani na ada za huduma zake. Kodi ya mapato ni ya serikali kuu. Kwa hiyo risiti ya gatini, hata ukiwa nazo debe zima, haikutoi kwenye ritani. Naelewa uchungu wake, mfuko ni mmoja. Lakini ndivyo sheria ilivyo, na ni afadhali uijue.

Sasa sifuri. Ritani ya sifuri ni ya mtu ambaye mwaka mzima hakuingiza kitu: mwanafunzi, aliyekosa kazi. Wewe unaingiza. Ukisema sifuri umesaini jambo lisilo kweli, na pesa za wageni zinapita kwenye simu, zina kumbukumbu. Tupige hesabu, nikikosea nambari nirekebishe. Tuseme miezi minne ya kaskazi unaingiza 120,000 kwa mwezi, hiyo ni 480,000. Miezi minane iliyobaki 30,000, hiyo ni 240,000. Jumla 720,000. Kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 iliyopanda kutoka 1 mwezi Julai 2023, inaanza kwa mauzo yanayozidi 1,000,000 kwa mwaka mpaka 25,000,000. Hujafika. Haikuhusu.

Inabaki ritani yako ya kawaida ya mwaka. Toa mafuta, toa posho ya mabaharia, toa kalafati na rangi, toa tanga jipya. Ikibaki faida ya 200,000, kila mkazi ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, na nafuu hiyo inameza kodi ya faida ya mpaka 288,000. Hutoi hata senti, na umesema kweli. Hapo ndipo mfumo unapojua kusi, kaka: unapouandikia gharama zako. Wa saiba akiandika sifuri, kusi halionekani, kaskazi halionekani, na wewe huonekani. Siku ukitaka mkopo wa injini, mwenye mkopo anaona mtu asiye na kazi.

Mwana_Malindi

Habari za Lamu. Mimi niko Malindi, napeleka pweza na ngisi hotelini, upande wa barabara ya Lamu na mara nyingine Watamu. Naongeza kisa cha eTIMS, zile ankara za KRA za kielektroniki, maana ndicho kilichotubana sisi.

Tangu Januari 1, 2024 mwenye hoteli asipokuwa na ankara ya eTIMS hawezi kuitoa gharama ile kwenye hesabu zake za kodi. Kwa hiyo kodi ilikuja kwetu kupitia mlango wa jikoni. Siku moja nimefika na ndoo mbili, barafu inayeyuka, mpishi ananiambia, "Mdogo wangu, kuanzia sasa nataka ankara." Ankara gani, pweza huyu nimemtoa mwambani alfajiri! Nikarudi nazo. Wiki ile tuliuza sokoni kwa bei ya kutupa.

Tulikuwa sita tunaopeleka. Wawili walijifunza, wanne wakaacha, sasa wanamuuzia mchuuzi mmoja mwenye ankara naye anakata chake. Hilo ndilo linaloniuma. Mfumo haukumwondoa mtu wa kati, umempa kiti.

Mimi ni mmoja wa wale wawili. Napiga *222# kwenye kabambe yangu, simu ya vitufe, naandika ankara nikiwa nimesimama pale pale mlango wa nyuma. Hailazimu simu kubwa. Wengi hawajui hilo, wanadhani lazima ununue mashine.

BintiWaLangoni

Ahsante sana ndugu. Ongeza na hili kwa wale wanne: mwishoni mwa 2024 sheria ilibadilishwa, mnunuzi mwenyewe anaruhusiwa kuanzisha ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi 5,000,000 kwa mwaka. Wakamuulize mhasibu wa hoteli, wakiwa na PIN zao mkononi. Wasikubali kuambiwa haiwezekani.

SautiYaMkomani

Dada, nakuheshimu na kazi unayofanya ni njema. Lakini mnazungumza kama vile tatizo ni paswadi. Mimi nina paswadi yangu, nina imeli yangu, Kiingereza najua. Sifaili kwa hiari yangu.

Juni 2024 vijana wa nchi hii walisimama. Mswada wa Fedha ulikuja na kodi ya mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Juni 25 watu waliuawa. Juni 26 Rais akasema hatii saini. Walikufa wenzetu wa rika langu. Halafu unaniambia niende nikajaze fomu? Niongeze nini? Kila nikinunua bando, asilimia 15 imekwenda. Kila nikituma pesa kwa simu, ile ada imekatwa asilimia 15. Nikinunua sabuni, VAT 16. Mimi ni mlipa kodi tangu nizaliwe. Nionyesheni zinakokwenda kwanza. Hospitali mtu wa Kizingitini anavuka bahari usiku na mgonjwa.

Mwana_Malindi

Na sisi huku tuna sanamu ya Mekatilili wa Menza mjini. Mwaka 1913 aliwainua Wagiriama dhidi ya kodi ya kibanda na kuchukuliwa kwa vijana wakafanyishwe kazi. Kukataa kodi ya dhuluma hakukuanza juzi.

BintiWaLangoni

SautiYaMkomani, nimesoma maneno yako mara tatu kabla ya kuandika. Kuhusu waliokufa sina la kukujibu, Mola awarehemu. Na kuhusu bando na sabuni una haki kabisa, yule anayesema vijana hawalipi kodi hajawahi kutazama risiti.

Lakini nikuulize kwa upendo. Wale waliosimama mwaka 2024 walisimama wakiwa wameusoma mswada. Waliutafsiri kwa Kiswahili, Kikamba, Kijaluo, wakaeleza kifungu kwa kifungu kwenye TikTok. Nguvu yao ilitoka kwenye kujua nambari kuliko waliozitunga. Kutofaili hakumwumizi aliyekula pesa. Kunamwumiza dada yako anayetaka zabuni. Mimi nimeshapita hapo. Aliyeiba hakujua kwamba sijafaili, hata jina langu halijui.

Na Mekatilili, Mungu amrehemu, alipigana na serikali isiyomuuliza. Sisi Katiba ya 2010 kifungu cha 201 kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na kwamba pesa za umma zitumike kwa uwazi na watu washirikishwe. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi bila sheria. Hayo tunayo mkononi. Nataka niyadai nikiwa na rekodi yangu safi, nisiambiwe "wewe mwenyewe huna ritani."

Hospitali ya Kizingitini tudai. Mimi nitakwenda na wewe kwenye kikao cha bajeti ya kaunti, sema tarehe.

SautiYaMkomani

Hujanigeuza kwenye kufaili. Kwenye kikao nitakuja.

Picha_za_Watamu

Mimi natengeneza video za mahoteli na fukwe. Niliposikia kodi ya maudhui ya kidijitali nilijua tumekwisha. Ni asilimia 5, ilianza Julai 2023, anayekulipa hapa nchini anaikata kabla hajakutumia. Mwaka mzima nilikuwa nahesabu kwamba nimeibiwa. Nilipoingia iTax mwenyewe mara ya kwanza nikakuta ile iliyokatwa imeandikwa kwa jina langu, na kwenye ritani inapunguza kodi ninayotakiwa kulipa. Kwa mwaka ule ilibaki hata ziada yangu. Sikuwa nimelijua hilo kwa sababu miaka miwili nilifailiwa sifuri, kama Nahodha. Ukifaili sifuri, kilichokatwa hukidai.

MzeeWaBaraza

Wanangu, mimi ni mtu mzima, natazama tu. Yeo nimeona niseme neno moja. Forodha katika muyi huu ni ya zamani kuliko sisi sote, majahazi yakija na kaskazi yakitoa ushuru hapa pwani. Lakini mtoza ushuru ulikuwa ukimuona uso, mkisalimiana, ukimwambia mwaka huu chombo kimepigwa na mawimbi, tende zimelowa. Hii ya kompyuta humuoni mtu. Mimi mjukuu wangu alinishika mkono nikaingia ndani yake, nikaona kila neno ni Kiingereza. Nikamwambia zima. Je, vijana wetu wa madrasa na wa mashua, walioishia darasa la nane, wao watasomaje?

BintiWaLangoni

Mzee wetu, shikamoo. Umesema neno ambalo nilitakiwa kulitanguliza.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ukurasa wa iTax ninaoufungua kila Juni ni wa Kiingereza. Kijana anayeweza kukueleza upepo, mkondo na nyota akikaa mbele ya ukurasa ule anajiona mjinga, na mtu akishajiona mjinga anamkabidhi mwingine kitambulisho chake. Saiba inaanzia hapo. Kule kwenye kuingia tu kuna kihesabu kidogo, cha kujumlisha au kutoa, ukijibu ndipo mlango unafunguka. Nimewaona wavuvi wanakijibu kabla sijamaliza kukisoma. Hesabu wanaijua. Lugha ndiyo inayowatupa nje.

Mimi nataka mambo mawili na nitayasema popote. Iandikwe Kiswahili, cha kueleweka, kwa maneno ya watu. Na Juni watu wa kodi waje visiwani, Faza, Kizingitini, Matondoni, wakae siku mbili tatu chini ya mti wa mkungu, wasitungoje sisi tuvuke. Nauli ya boti kwenda na kurudi ni siku ya kazi iliyopotea.

Nahodha_Shela

Dada, nimerudi. Jana usiku nilijaribu. Ile nambari ya KRA ya kupiga kwa simu, *572#, imenitambua, kwa hiyo PIN iko hai. Kwenye kompyuta ya rafiki nikaomba paswadi mpya, ikasema imetumwa kwenye imeli, ikaonyesha herufi mbili za mwanzo. Si zangu. Nimekaa nikizitazama zile herufi mbili. Miaka minne mtu mwingine.

Nimempigia wa saiba, anasema nimtumie picha ya kitambulisho pande zote mbili na 500 atanirekebishia.

BintiWaLangoni

Usimtumie. Usimtumie picha, usimtumie pesa.

Fungua imeli yako leo, kwa simu yako, paswadi uandike kwenye daftari la mashua na lisikae mashuani. Kitambulisho asilia uchukue mwenyewe, twende tukabadilishe imeli, nitakusindikiza maana naijua fomu. Kisha tutatazama zile sifuri za miaka minne, kuna njia ya kurekebisha ritani iliyokwisha kufailiwa, ni bora uiandike sawa mwenyewe kabla hujaulizwa. Njoo na hesabu zako za mafuta na posho hata kama zimeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Kesho baada ya laasiri niko barazani, nyumba ya tatu ukitoka mskitini.

Nahodha_Shela

Kesho maji yanajaa saa kumi, nina wageni. Keshokutwa asubuhi?

BintiWaLangoni

Keshokutwa saa mbili. Na wale mabaharia wako wawili, waje na vitambulisho vyao.